Masafa fanisi ya bastola: kwa nini mita 50 na si kilomita moja

Mtoto wa ndugu yangu alinijia barazani baada ya magharibi, simu mkononi, kahawa yangu haijapoa. Alikuwa akitazama video ya Wamarekani wanaowinda kulungu kwa bastola. Mmoja wao alisema masafa fanisi ya bastola yake ni mita 50. Kijana naye alishasoma mahali kwamba risasi ya aina hiyo huweza kwenda zaidi ya kilomita moja. "Ami, sasa hapa mwongo nani?"

Hakuna mwongo. Kuna masafa ya mwisho, pale risasi inapoangukia ikiwa imechoka, na kuna masafa fanisi: umbali ambao ukifyatua, una hakika ya kugonga pale hasa ulipokusudia, na kwa nguvu ya kutosha. Nilimpa mfano wa kimia, ule wavu mdogo wa kurusha kwa mkono. Mtu aweza kukirusha mbali kule Tudor, Mombasa, hadi watu washangae, kikatua majini kimejikunja kama kanga iliyodondoka kambani. Kufika kimefika, samaki hayumo. Mvuvi huhesabu urefu wa mrusho wake mwisho pale kimia kinapofunguka chote.

Tuliweke sawa na jina la mnyama. Kulungu wetu, yule wa vichaka vya Shimba Hills, ni wa jamii ya swala na pembe zake ni za maisha. Wa Marekani, mwenye mkia mweupe kwa chini, ni ukoo mwingine: dume hudondosha pembe zake kila mwaka akaota nyingine. Tunamwita kulungu kwa sababu hatuna jina lake.

Mwindaji mwenye utu hamlengi mnyama mzima. Analenga moyo na mapafu, nyuma kidogo ya bega la mbele, sehemu yenye upana wa sentimita 20 hivi. Risasi ikipita hapo, mnyama hukimbia kidogo akaanguka. Ikipita tumboni au pajani, hutokomea msituni na jeraha, akafa baada ya saa nyingi, na huenda asionekane tena. Kwa hiyo swali zima la masafa ni hili: uko mbali kiasi gani kabla sentimita hizo 20 hazijakuponyoka?

Na hapa ndipo bastola inapomhukumu mtu. Bunduki ya begani ina mihimili mitatu: bega, shavu na mikono miwili. Bastola inaning'inia mbele ya mikono. Tena ni fupi. Chukua bastola ambayo kilengeo cha nyuma na cha mbele, vile vidude vya kulengea vilivyo juu yake, vimeachana sentimita 20. Kile cha mbele kikienda pembeni milimita moja tu, zaidi kidogo ya unene wa kadi ya benki, risasi itakosea kwa sentimita 10 ukiwa mita 20 kutoka kwa mnyama. Ukiwa mita 50, itakosea kwa sentimita 25, yaani umeshatoka nje ya mapafu. Kosa hilo hilo kwenye bunduki ambayo vilengeo vyake vimeachana sentimita 60 ni sentimita 8 tu katika mita 50. Chuma hakina makosa. Ni hesabu ya pembe, na mkono unaotetemeka.

Nguvu nayo inapungua njiani. Risasi ya .44 Magnum, iliyotokea katikati ya miaka ya 1950 na ambayo wengi huitumia kwa kazi hii, hutoka kwa mwendo wa takriban mita 360 hadi 420 kwa sekunde. Bunduki nyingi za kuwindia hupita mita 800. Ikifika mita 100, ile ya bastola imeshapoteza kama theluthi ya nguvu zake, na imeshuka kama sentimita 40 kutoka mstari wa mtutu, ilhali katika mita 50 ilikuwa imeshuka 9 tu. Ukikisia umbali vibaya, umekosa.

Ndiyo maana wenye uzoefu wanaotumia vilengeo vya kawaida huishia mita 50 au chini yake, na wenye darubini hukaribia 100. Zipo bastola za risasi moja moja zinazobeba risasi za bunduki, hizo zinaenda mbele zaidi, lakini ukiniuliza mimi, hiyo ni bunduki iliyokatwa kitako.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Unatundika sahani ya karatasi ya sentimita 20, unapiga ukiwa umekaa au umepiga goti kama utakavyokuwa porini, si juu ya meza. Umbali ambao risasi zote zinaingia sahanini, zote, ndio masafa yako. Si ya bastola. Ya jirani yako mwenye bastola kama hiyo ni mengine.

Kijana akacheka: "Basi ni kama kisu cha kuchinjia." Sikuwa nimefikiri hivyo, lakini kapatia. Mtume ametuamrisha kufanya wema katika kila jambo, hata kuchinja: mtu anoe kisu chake na ampumzishe mnyama. Wamarekani wana kanuni yao ya uwindaji wa haki, kwamba mnyama apewe nafasi ya kweli ya kutoroka, iliyoenezwa na klabu ya Boone and Crockett aliyoianzisha Theodore Roosevelt mwaka 1887. Roosevelt huyo huyo aliteremka bandari ya Kilindini, Mombasa, Aprili 1909, akapanda reli kwenda bara kuwinda. Uwindaji wa starehe Kenya ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hiyo sisi hesabu hii tunaifanyia barazani tu.

"Na ukishajua masafa yako, ndiyo basi?" akauliza. Hapana. Yanabadilika. Aliyepata mita 50 uwanjani, jua limetulia, huenda akawa na 30 alfajiri ya baridi, vidole vimekufa ganzi, moyo unadunda kwa kupanda kilima, na dume limesimama kiupande nyuma ya matawi.