Timu za chuo kidogo: dhana potofu na ukweli

"Chuo kidogo hakiwezi kushindana." Inategemea mchezo uliochaguliwa. Raga ya wachezaji 15 kila upande huwa na kikosi cha hadi 23, na humo wawemo watu wa mstari wa mbele waliofunzwa kazi hiyo. Wakikosekana, refa huamuru skramu, yaani pale washambuliaji wa timu mbili wanaposhikana kugombea mpira, zichezwe bila kusukumana. Masinde Muliro ya Kakamega iliwahi kupanda hadi Kenya Cup, ligi kuu ya raga nchini Kenya, ila hicho ni chuo cha maelfu mengi ya wanafunzi. Raga ya saba kila upande inaendeshwa na watu 12: saba uwanjani, watano benchi, vipindi viwili vya dakika 7. Voliboli nayo hutosheka na 12. Vikosi vyote viwili vinaenea kwenye basi moja la viti 33 pamoja na makocha, na mafuta ya basi ndiyo humaliza pesa za michezo kabla ya muhula kwisha. Kinachoshangaza ni chuo cha namna hii kusajili timu kumi ili orodha ionekane ndefu.

"Timu ya Njoro ikishuka Kisumu, mapafu yatamaliza kazi." Njoro iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, Kisumu karibu 1,130, kwa hiyo pumzi kweli huwa nyepesi. Tatizo ni joto. Damu iliyotakiwa na misuli inagawanywa kwenda ngozini kupoza mwili, jasho linapunguza maji, na kufikia kipindi cha pili moyo unadunda kwa kasi zaidi ingawa mwendo ni uleule. Mwili huchukua siku 10 hadi 14 kuzoea joto. Basi linalofika asubuhi ya mechi halijampa mchezaji hata moja.

Pima uzito kabla na baada ya mazoezi ya saa nane mchana. Kilo moja iliyopungua ni takriban lita moja ya jasho. Mwenye kilo 70 akipoteza kilo 1.4, yaani asilimia 2, mbio zake huanza kulegea. Anywe kidogo kidogo kila dakika 15 hadi 20. Wanaotoka jasho jingi wafaa kuchanganyiwa lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, kila kijiko kikiwa kimesawazishwa juu. Kubugia lita mbili dakika chache kabla ya filimbi huleta tumbo linalobwatabwata, basi.

Kisumu ikipanda Njoro mambo hugeuka: pumzi hukatika mapema, na mpira wa juu huenda mbali kidogo kuliko ilivyozoeleka. Kipa na wapiga krosi waanze kupasha misuli kwa mipira mirefu.

"Ugali mkubwa hutia nguvu." Ndiyo, ukiliwa saa tatu au nne kabla. Mechi ya saa tisa, meza iandaliwe kufikia saa sita. Chipsi na nyama za kusimamia Awasi, njiani kwenda Kisumu, saa saba na nusu bado zitakuwa tumboni wakati wa mapumziko. Saa moja kabla, ndizi mbili zatosha.

"Kifundo kikiteguka, kichuliwe kwa dawa ya moto." Hapana. Mishipa midogo ya damu imepasuka, na kuchua huzidisha uvimbe. Weka barafu iliyofungwa kwa kitambaa dakika 15 hadi 20, rudia baada ya saa mbili, funga bandeji ya kuvutika, inua mguu. Asiyeweza kupiga hatua nne apelekwe kupigwa picha ya mfupa.

"Aliyegonga kichwa akisema yuko sawa, arudi uwanjani." Kauli yake haitoshi, kwa sababu dalili za mshtuko wa ubongo huweza kuchelewa kwa saa kadhaa. Akishukiwa tu, anatoka na harudi siku hiyo, hata kama benchi limeisha. Usiku asilale peke yake hosteli. Akitapika, akichanganyikiwa au kichwa kikizidi kuuma, ni hospitali mara moja.