Risasi kubwa haimbwagi mnyama

Wengi wanaoundiwa bunduki ya kuwindia huchagua risasi kubwa mno, wakiamini itampiga mnyama mweleka. Haitampiga. Msukumo wa risasi hauzidi ule unaorudi begani kwa mpigaji. Ungeweza kumbwaga nyati, mwindaji angetangulia chini. Mnyama huanguka kwa sababu moyo, mapafu au ubongo umetobolewa. Mskoti W. D. M. Bell aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi kwa risasi ya milimita 7 tu, kwa kuwa alijua ubongo ulipo ndani ya fuvu. (Si wa kuigwa, lakini fizikia ni ileile.) Basi chagua risasi usiyoiogopa unapovuta kifyatulio, yenye kichwa kigumu cha kupenya hadi ndani.