Je, wajua kwa nini vigari vya zamani hupasuka vikiwa vimetulia kabatini?

Kigari cha mfano cha miaka ya 1930 kinaweza kukaa kabatini miaka mingi, hakijaguswa wala kuanguka, kisha siku moja ukakikuta boneti ina nyufa. Ukikishika, kinameguka kama biskuti. Wakusanyaji huiita hali hiyo tauni ya zinki.

Nilipoiona mara ya kwanza nilisema ni kutu. Sivyo. Kutu ni ugonjwa wa chuma, na bodi za vigari hivi ni zinki iliyochanganywa na aluminiamu kidogo, ikayeyushwa na kusukumwa ndani ya kalibu. Kosa langu la pili lilikuwa la aibu zaidi: kwa kuwa jina ni tauni, nilikifunga kigari kigonjwa kwenye mfuko wa plastiki na kukihamishia chumba kingine kisiviambukize vingine. Nikanawa na mikono.

Zinki haiambukizi. Huenda dhana hiyo imetokana na bati, ambalo lina tauni yake: likikaa chini ya nyuzi 13 hivi za Selsiasi linaweza kugeuka unga wa kijivu, na punje ya bati lililogeuka huweza kweli kuuanzisha ugonjwa kwenye bati zima. Zinki haina tabia hiyo. Vigari vinavyopasuka pamoja mara nyingi ni ndugu wa chungu kimoja, vimezaliwa na kasoro ileile.

Kasoro yenyewe ni risasi, ile metali nzito iliyomo kwenye betri za magari. Zinki ikiganda huwa chembechembe zilizobanana, mfano wa mawe kwenye ukuta. Risasi haikubali kukaa ndani ya mawe hayo, hivyo husukumwa kwenye maungo, mahali pa chokaa. Unyevu hupita humohumo na kuyala. Kinachobaki baada ya kuliwa huhitaji nafasi kubwa kuliko metali ya awali, kwa hiyo mawe husukumana. Umewahi kuona mtini uliojiotea kwenye ufa wa nyumba ya kale? Mzizi hunenepa taratibu, ukuta huvimba kabla ya kuanguka. Kigari nacho hukua kwanza: bodi hurefuka, milango hukwama, na gari la 1:43, yaani dogo mara 43 kuliko gari halisi, huanza kudai ukubwa usio wake.

Kiasi kinachotosha kuleta balaa ni kidogo mno. Zamak, mchanganyiko wa zinki na aluminiamu ulioletwa na kampuni ya New Jersey Zinc ya Marekani mwaka 1929, ulitegemea zinki iliyosafishwa sana; viwango vya sasa huruhusu risasi takriban gramu 50 kwa tani nzima. Vigari vya Dinky Toys, vilivyotengenezwa Liverpool, Uingereza, kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, ndivyo maarufu kwa kupasuka. Husimuliwa kuwa wafanyakazi walitupia mabaki ya risasi chunguni. Yawezekana, maana Dinky za mwanzo kabisa zilikuwa za risasi, lakini hicho ni kisa, si ushahidi.

Uzee peke yake hauui: vigari vingi vya chapa ya Matchbox vya miaka ya 1950 vingali imara, huku baadhi ya vigari vya juzijuzi vikipasuka. Dawa hakuna. Pakavu na pasipo joto huchelewesha tu, habari mbaya kwa mkusanyaji wa Mombasa.

Changu nimekirudisha kabatini kwa wenzake, na rula pembeni.