Glavu za ngozi hazikaushwi juani

Mvua ikishapita Buhongwa au Igoma, utaona glavu za ngozi zimetandazwa juani juu ya tangi la pikipiki, au zimeegeshwa kwenye ekzosi yenye moto. Bodaboda wengi wa Mwanza wanaamini maji ndiyo adui wa ngozi, kwa hiyo yatolewe haraka. Maji peke yake hayaiui. Kinachoiua ni joto kali: linaondoa pia mafuta iliyolainishwa nayo kiwandani, nyuzi zake zinasinyaa na kushikana, na glavu inakakamaa kama dagaa mkavu. Kunja kidole uone. Ufa unaanzia kwenye maungio, pembeni mwa mshono, na ukianguka kwenye lami hapo ni rahisi kuchanika.

Zifute, zijaze vipande vya gazeti, ziache kivulini penye upepo. Kabla hazijakauka kabisa, zivae ukunjekunje vidole zisipoteze umbo. Zikishakauka, paka mafuta ya kutunzia ngozi, kidogo tu. Oili ya injini hapana, hata fundi akikuapia. Na jasho, ambalo hakuna anayelihofu, huacha chumvi inayokausha ngozi. Futa ndani kwa kitambaa chenye unyevu.