Fort Jesus haikuangushwa na mizinga

“Mzungu alishinda kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na bunduki.” Hayo husemwa sana kuhusu karne ya 16 na 17. Lakini baruti yenyewe ilizaliwa China. Wajapani walizipata bunduki kwa Wareno mwaka 1543, na haikupita miaka mingi mafundi wao wakawa wanazifua wenyewe. Mwaka 1578, Sebastião, mfalme wa Ureno, aliuawa vitani Moroko, akipigana na jeshi lililokuwa na wapiga bunduki tele. Na Waomani waliomfukuza Mreno Maskati mwaka 1650 hawakwenda na majambia matupu.

“Basi Fort Jesus ya Mombasa ilibomolewa kwa mizinga.” Wala. Waomani waliizingira Machi 1696, wakaiingia Desemba 1698: miezi 33. Ngome hiyo ya Wareno ilichorwa na Mtaliano, Giovanni Battista Cairati, na ujenzi ukaanza mwaka 1593. Simama juu ya buruji yake moja uone ujanja wake: imechomoza nje kwa pembe, hivyo askari aliye juu anamlenga ubavuni adui aliyejibanza chini ya ukuta wa pili. Hakuna pa kujificha. Chini ni mwamba wa matumbawe, nao haushambuliki kwa urahisi.

Kwa hiyo Waomani wakangoja. Njaa na maradhi viliwamaliza waliokuwa ndani kuliko risasi. Msaada kutoka Goa, makao ya Wareno huko India, ulisubiri kaskazi; msimu ukipita, ni hadi mwakani. Mwishowe ukuta ulipokwewa, waliobaki kuulinda walikuwa wa kuhesabika. Meli za msaada zilitokea siku chache baadaye, zikakuta bendera nyekundu ya Waomani inapepea juu ya ngome, zikageuza.

La tatu ndilo linalonikera zaidi: kwamba ilikuwa vita ya Waswahili na Waarabu dhidi ya Wareno, basi. Ndani ya ngome walijaa Waswahili, wake kwa waume. Mwaka 1697, maradhi yalipowafyeka maofisa wa Kireno, aliyeshika uongozi kwa muda alikuwa Bwana Daud wa Faza, mji wa kisiwa cha Pate. Nao watu wa mji wa Pate, majirani zake wa kisiwa kimoja, walikuwa upande wa Oman. Uhasama wa miji hiyo miwili ulikuwa na hesabu zake, na Mreno alikuwa mmoja tu wa wahusika. Faza hiyo hiyo Wareno walikuwa wameiteketeza mwaka 1587.