"Hamsini jumlisha moja" si asilimia 51

Kila Kenya inapopiga kura ya urais, kuna anayesisitiza kwamba mshindi lazima afikishe asilimia 51. Sivyo. Ile "moja" ni kura, si asilimia. Kifungu cha 138 cha Katiba ya 2010 kinataka zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa, basi. Mwaka 2022 William Ruto alipata kura 7,176,141, yaani asilimia 50.49, nusu ilikuwa kama milioni 7.1. Mwaka 2013 Uhuru Kenyatta alitangazwa na asilimia 50.07.

Na nusu ya nini? Hapa ndipo hesabu huharibika. Karatasi iliyowekwa alama kwa wagombea wawili hukataliwa, na Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2013 kwamba kura zilizokataliwa haziingii kwenye jumla. Ukiziingiza, asilimia ya kila mgombea inashuka.

Sharti la pili husahaulika: angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti. Kaunti ni 47, kwa hiyo 24. Asipopatikana wa kutimiza yote mawili, wawili wa juu hurudi debeni ndani ya siku 30.