Bega la kushoto likiuma baada ya kolonoskopi

Kolonoskopi, yaani kipimo cha kuangalia utumbo mpana kwa kamera inayopitishwa njia ya haja kubwa, inaweza mara chache kuumiza bandama. Wengine huuliza: "Kamera inapita ndani ya utumbo, bandama liko nje. Litaumiaje?" Swali ni la haki, ila bandama limefungwa kwa kano kwenye utumbo mpana, pale utumbo unapokata kona chini ya mbavu za kushoto. Mpira wa kamera ukipitishwa kwenye kona hiyo, kano inaweza kuvutika na kuchana ganda la bandama, hasa kama upasuaji wa zamani umeacha makovu yaliyogandisha viungo. Ni nadra sana, ingawa madaktari wameliandika tangu 1974.

Wengine huambiwa: "Hiyo ni gesi tu." Mara nyingi ni kweli, na ukijamba unapata nafuu. Damu inayovuja kutoka kwenye bandama haikupi nafuu hiyo. Maumivu huzidi upande wa juu kushoto, na pengine hupanda hadi begani, kwa kuwa damu inachokoza kiwambo, msuli unaotenganisha kifua na tumbo, na neva yake hutokea shingoni pamoja na zile za bega. Tafadhali, bega hilo lisichuliwe nyumbani! Likija na kizunguzungu au jasho la baridi, nenda hospitali na useme wazi kwamba umepimwa utumbo, maana asiyejua hilo atatafuta ugonjwa kwingine.

Dalili nyingi huanza ndani ya saa 24, nyingine huchelewa siku kadhaa. Kwa hiyo aliyetoka visiwa vya Ukerewe au Kome, Ziwa Victoria, kuja kupimwa Mwanza, namsihi alale mjini kwa ndugu usiku huo. Kisiwani huenda usipate CT scan, picha inayoonyesha damu inayovuja tumboni.

"Bandama langu ni zima." Huku ziwani usiwe na uhakika huo. Kichocho cha tumbo na malaria ya kurudiarudia hulivimbisha kimyakimya, na likivimba huumia kirahisi zaidi. Kabla ya kipimo mtajie daktari kichocho, upasuaji uliowahi kufanyiwa na dawa za kuzuia damu kuganda. Lakini usikimbie kipimo: choo chenye damu kinaweza kuwa saratani.

Wala si kweli kwamba likichanika lazima litolewe. Wengine hulazwa, wakaangaliwa presha na wingi wa damu, wakapona bila kisu. Aliyetolewa huishi, ila anahitaji chanjo za nimonia na homa ya uti wa mgongo, na kwake homa yoyote ni ya kupelekwa hospitali siku hiyohiyo.